Mashine ya Sikio na Rangi ya Kijani

Nilianza ufundi wa redio hapa Malindi mara tu baada ya kumaliza kidato cha nne. Wakati huo kila kipuri kilikuwa na miguu. Ulikishika kwa vidole, ukapitisha miguu yake kwenye matundu ya bodi, ukaigeuza bodi na kulehemu kwa nyuma. Rizista ilikuwa na mistari ya rangi ya kukuonyesha thamani yake, na kapasita iliandikwa ubavuni. Mtu mwenye subira aliweza kuishika kazi ile kwa mwaka mmoja.

Kisha vikaja vipuri visivyo na miguu, vinavyolehemiwa juu juu, kwenye uso wa bodi. Vilianza kwa ukubwa wa punje ya mchele, vikashuka hadi punje ya ufuta, na sasa viko ambavyo punje ya ufuta ni kubwa kuvipita mara mbili. Kapasita zake ni vijiwe vya rangi ya kahawia, na hazina hata herufi moja. Ukishaitoa moja kwenye bodi ukaichanganya na nyingine, hakuna awezaye kukwambia ipi ni ipi kwa kuitazama. Mafundi wengi wa rika langu waliviona vitu hivi wakarudi kwenye feni na pasi. Mimi nilikuwa nimeshapita miaka hamsini, lakini niliona haya kushindwa. Nilikusanya bodi mbovu za simu, na kila siku baada ya Adhuhuri nikawa natoa vipuri na kuvirudisha, natoa na kurudisha, mpaka mkono ukajua.

Namna yenyewe ni hii. Unaisugua bodi kwa spiriti na mswaki, kwa sababu huku kwetu chumvi huingia hata ndani ya chombo kilichofungwa. Unapaka dawa ya lehemu, ule ute wa rangi ya asali unaoifanya lehemu itiririke. Unaweka tone moja la lehemu kwenye kituo kimoja cha shaba, pale ncha ya kipuri inapokaa, si vyote viwili. Unakishika kipuri kwa kibano mkono wa kushoto, unaliyeyusha tone kwa chuma cha kulehemia mkono wa kulia, unakisukuma kipuri kiingie, unatoa chuma, na hukiachi kibano mpaka lehemu igande. Ndipo unakwenda upande wa pili. Feni lazima uizime, au itakupeperushia kila kitu. Mwezi wa pili, feni ikiwa imezimwa, nilikuwa nikijifunga kitambaa kwenye paji la uso ili jasho lisidondokee kazi.

Nikajulikana. Watu waliniletea vitu kutoka Mambrui, Watamu, na mmoja aliwahi kutoka Kuruwitu na kipima kina cha boti. Sifa zikaniingia kichwani. Nasema hivi kwa sababu yaliyofuata hayakutokana na kutojua.

Ukutani nyuma ya meza yangu nilikuwa nimetundika sumaku ya spika kubwa ya zamani. Bisibisi, koleo, vibano, vyote nilivibandika pale. Ndivyo tulivyofanya mafundi wa redio, na kilikuwa kitu kizuri, maana hupotezi kifaa. Siku moja akaja binti wa Kilifi aliyesomea umeme chuo cha ufundi na kufungua duka lake huko. Alikuwa akitafuta bodi mbovu za kutolea vipuri.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akatazama ukuta. "Baba, kibano usikiweke hapo. Kinashika usumaku. Na hivi vidogo ncha zake zina madini yanayonasa. Vitakataa kukiachia kibano."

"Sumaku hii imekuwa hapa kabla mamako hajaolewa."

Wateja wawili waliokuwa barazani wakacheka. Yeye naye akacheka.

"Basi mama aliolewa vizuri, na sumaku na ikae. Lakini kibano kitafutie nyumba nyingine."

Sikukitafutia. Na ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaliona jambo lile kabla hajanitajia. Mara nyingi kipuri kilikuwa kikigandia ncha ya kibano, nami nilikuwa nimejizoeza kukigonga kibano kwa kidole cha shahada ili kipuri kianguke. Niliona ni ujuzi wangu. Juu ya hayo, jicho langu la kulia lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Daktari aliniambia ni mtoto wa jicho na kwamba linatibika. Sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Likizo ya mwezi wa nane alinijia mwanamke mmoja, mtu wa bara, Mkamba, mwalimu katika shule moja ya msingi upande wa Ganda. Aliingia, akaurudisha mlango nusu, akaketi karibu sana na meza. Nilipokuwa nikisema alikuwa akinitazama mdomo. Akaingiza mkono chini ya kitambaa chake cha kichwa, akatoa mashine ya sikio, ile ya kuvaliwa nyuma ya sikio, ya rangi ya ganda la njugu.

"Inakatika," akasema. "Inasikia, inazima, inasikia. Juzi imezima siku nzima."

"Hospitali?"

"Walisema ningoje nyingine mpaka mwakani. Mzee, mimi siwezi kungoja. Hii ikizima sisikii watoto. Naona midomo tu, na walio nyuma hata midomo siioni."

"Shuleni wanajua?"

"Hakuna anayejua. Mimi si wa serikali, nimeandikwa na halmashauri ya shule kwa mkataba, na muhula huu ndio wanaangalia kama wataniongezea. Wakijua sisikii, wako walimu kumi wanaosubiri hiyo nafasi. Nina gredi ya sita. Niko nayo tangu ikiwa gredi ya nne."

"Shule inafunguliwa lini?"

"Jumatatu ijayo."

"Njoo Alhamisi."

Hakuinuka. "Ni vitu vidogo sana huko ndani. Unaviona kweli?"

"Mwalimu, naona kuliko wewe," nikamwambia, naye akatabasamu. Nilikuwa na jicho moja zima.

Jumatano nikaifungua. Kosa lake lilikuwa jepesi. Jasho la nyuma ya sikio lilikuwa limeingia, chumvi ikala lehemu ya upande mmoja wa kapasita ndogo iliyokuwa karibu na betri. Ukiigusa kwa sindano mashine inasikia, ukiiachia inakatika. Ilihitaji dawa kidogo, mguso mmoja wa chuma, basi. Nikazima feni, nikavaa kioo cha kukuzia.

Nilipogusa, kapasita ikanyanyuka. Upande ulioliwa haukuwa na cha kuushika, na lehemu ya upande wa pili ikaivuta ikasimama wima. Hilo hutokea. Nikaishika kwa kibano ili niilaze upya. Nikaipeleka juu ya vituo vyake, nikafungua kibano, nayo haikuanguka. Ilinasa kwenye ncha, pembeni. Nikakigonga kibano kwa kidole kama kawaida yangu, na nilipotazama tena kwenye kioo, kapasita haikuwa kwenye kibano wala haikuwa kwenye bodi.

Nikakaa nimetulia kwanza, maana ukishtuka unaipeperusha kwa mkono wako mwenyewe. Nikatazama meza kwa tochi, nikatazama mapajani, kwenye mikunjo ya kikoi, kwenye nywele za mkono. Kisha nikapiga magoti sakafuni. Mke wangu aliniletea chai akanikuta nimeweka shavu chini.

"Bwana we, wasujudu wapi? Kibla hakiko huko."

"Nimeangusha kitu."

"Kitu gani?"

"Kidogo. Kama chembe ya mchanga."

Akatazama sakafu yetu, ambayo watu huijaza mchanga wa njiani mchana kutwa. "Basi tafuta," akasema. "Leo umalize chumba hiki, kesho uanze pwani ya Shella."

Sikucheka. Nilitafuta mpaka Magharibi ikaadhiniwa.

Hapa ndipo ninaporudi kila ninapolifikiria jambo hili. Mpaka wakati ule nilikuwa nimepoteza kipuri tu, na hakuna fundi wa vitu hivi asiyewahi kupoteza kipuri. Ningeweza kumwambia mwalimu: nimeidondosha, nipe siku tatu, au nikupeleke kwa mtu mwingine. Shule ilikuwa bado haijafunguliwa. Badala yake nilianza kumwogopa. Nilimwona ameketi pale akinitazama mdomo, nikajisikia nikimwambia kwamba kitu kimeruka mkononi mwangu.

Nilijaribu kuiwasha bila ile kapasita. Ikanguruma mara mbili tatu kama injini ya boti inayokataa kuwaka, ikanyamaza.

Asubuhi ya Alhamisi nikafanya jambo ambalo sijapata kulifanya kabla wala baada yake. Nikachukua utambi wa shaba, nikafyonza lehemu yote kwenye vile vituo viwili mpaka vikawa bapa. Kisha nikatia juu yake tone la rangi ya kijani, ile tunayofunikia bodi palipochubuka, nikaiweka kizingitini juani ikauke. Iligeuka sawasawa na rangi ya bodi. Ungetazama pale usingejua kwamba pamewahi kuwa na kitu. Fundi mwenyewe ndiye anayejua namna ya kumficha fundi mwenziwe.

Mwalimu akaja saa nne.

"Mwalimu, imeliwa na chumvi ndani kwa ndani," nikamwambia. "Bodi yenyewe imekufa."

"Lakini nilipoileta ilikuwa inasikia kidogo."

"Ndivyo inavyokuwa mwishoni."

Akaomba nirudie, hakunisikia. Nikarudia uongo ule kwa sauti kubwa zaidi, nikiupanua mdomo ili ausome vizuri. Sikumtoza kitu. Akanishukuru, akaondoka na mashine yake.

Shule ikafunguliwa. Mimi nikaendelea na kazi zangu. Baada ya wiki mbili hivi simu ikalia, nikaona ni yule binti wa Kilifi.

"Shikamoo baba. Nina mashine ya sikio hapa, ya mwalimu wa Ganda. Anasema ilipitia kwako."

"Marahaba. Ilipita, ndiyo. Imekufa."

"Haijafa, baba. Mikrofoni nimeipima nzima, spika nzima, chipu inapata moto wa betri. Inanguruma tu halafu inazima. Nimekaa nayo siku ya tatu leo. Nataka kujua, ulitoa kitu?"

"Sikutoa kitu."

"Hata kapasita? Wakati mwingine mtu huondoa ili..."

"Mwanangu, nimekwambia sikutoa. Nimeosha tu."

"Haya baba. Ulipiga picha kabla hujaanza?"

"Sisi hatukufundishwa kupiga picha. Sisi tunatazama."

"Haya. Ni kwa sababu huyu mama amesimamishwa. Nikadhani labda utakumbuka kitu." Akaaga kwa adabu, akakata.

Nilibaki na simu mkononi. Nilijiambia amesema hivyo ili anitishe. Siku tatu nikakaa na neno lile. Siku ya nne, muuza mboga anayeleta mchicha kutoka Ganda alikuwa barazani na mke wangu, nikamuuliza kama anaijua shule ile. Alikuwa na mjukuu hapo, gredi ya sita. Akatusimulia bila kuombwa mara ya pili. Mwalimu wao alikuwa akiandika ubaoni, mgongo ameupa darasa, na msichana mmoja wa nyuma akaomba ruhusa ya kwenda nje. Akaomba mara tatu, ya tatu akilia. Mwalimu hakugeuka. Mtoto akajikojolea pale alipokaa, darasa zima likacheka. Wazazi wakaja juu.

"Wasema ana kiburi yule," muuza mboga akasema. "Wa bara. Mtoto aita, aita, yeye kimya kama hakuita mtu. Mwalimu mkuu kamwambia akae nyumbani kwanza."

"Maskini mtoto," mke wangu akasema.

Nikaingia ndani nikachukua kofia yangu.

"Wenda wapi, na chakula ki tayari?"

"Kilifi."

Duka la yule binti ni dogo kuliko langu. Ukutani hakuna kitu. Juu ya meza pana hadubini iliyounganishwa na kioo cha televisheni, na mashine ya mwalimu ilikuwa chini yake, imefunguliwa. Hata sikungoja maamkizi yaishe.

"Kulikuwa na kapasita," nikasema. "Karibu na betri, upande wa kulia. Iliniruka. Nikavilaza vituo nikapaka rangi."

Hakuniuliza kwa nini. Akasogeza bodi chini ya hadubini. "Nionyeshe."

Nikaona kazi yangu kwenye kioo kile, imekuwa kubwa kama sahani. Ilikuwa kazi safi. Nikaweka ncha ya kalamu mahali penyewe. Akachukua wembe, akakwangua ile rangi polepole, shaba ikatokea, kituo kimoja, kisha cha pili.

"Kapasita yenyewe thamani yake siijui," nikasema. "Sikuipima kabla."

"Hapa si lazima ijulikane kamili, baba. Hapa inatuliza umeme wa betri tu. Ikikaribia inatosha." Akasema bila ukali, akiwa ameinamia kazi. "Hata zile ulizoniuzia mwaka jana, kwenye zile bodi mbovu, zingefaa."

Yaani niliyoipigia magoti kuitafuta ilikuwa imejaa ndani ya boksi la bodi mbovu chini ya meza yangu. Kama ningemwambia mtu mmoja tu anayejua, angenijibu hivyo kwa simu, siku ile ile ya Jumatano.

Alichukua kapasita kutoka kwenye bodi nyingine, akaipima, akailehemu. Haikumchukua dakika tano. Akatia betri, akaisogeza sikioni mwake, akaitikia kwa kichwa kwamba inasikia. Kisha akamtumia mwalimu ujumbe, na mwalimu akaja kesho yake, nami nikarudi Kilifi kesho yake, kwa sababu binti aliniambia, "Baba, mimi nimerekebisha bodi. Hayo mengine ni yako."

Mwalimu aliivaa, akafumba macho. Pikipiki ikapita nje. Akafumbua macho.

"Mwalimu," nikasema, "haikuliwa na chumvi. Niliipoteza mimi kapasita yake, nikafunika mahali pake ili isijulikane. Nikakudanganya. Na huyu alipopiga simu nikamdanganya na yeye."

Akanitazama mdomo, kwa mazoea, ingawa sasa alikuwa akinisikia.

"Siku ile ya Alhamisi ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

"Wewe uliona aibu. Mzee, unajua mimi nilimfuata yule mtoto kwao kumwomba msamaha, na mama yake alikuwa anaongea akiwa amenipa mgongo, anafua, na mimi sijui anasema nini? Nilisimama hapo nikisema ndiyo, ndiyo. Sijui niliitikia nini mpaka leo."

Binti akajifanya anapanga betri.

"Utaenda shule," mwalimu akasema. "Utamwambia mwalimu mkuu kwa mdomo wako. Nimechoka kuitwa mwenye kiburi."

"Nikimwambia, atajua kuhusu sikio."

"Kwani nimebakiwa na siri gani?"

Tulikwenda Jumatatu. Mwalimu mkuu ni mtu mpole, mdogo kwangu kwa miaka mingi, na alinipa kiti kabla sijasema kitu. Nikamweleza yote, pamoja na ile rangi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akamgeukia mwalimu.

"Miaka mitatu hapa, na hukuniambia?"

"Ungeniandika?"

Mwalimu mkuu akafungua daftari lake. Akasema gredi ya sita imeshapata mwalimu mwingine, kijana wa Ganda hapo hapo, na hawezi kumtoa kwa kosa ambalo si lake. Akasema ataliwasilisha jambo hili kwa halmashauri. Kwa hivyo kwenye kikao cha halmashauri ilimbidi mwalimu asimame mbele ya wazazi wale wale, aivue mashine, waizungushe mkononi mmoja baada ya mwingine waione. Mimi nilikuwapo. Niliombwa kusema, nikasema, na baba mmoja akauliza, "Sasa huyu mzee tutamwamini vipi? Si ndiye aliyesema bodi imekufa?" Watu wakacheka, na alikuwa na haki ya kuuliza.

Mwezi wa kwanza walimpa mkataba, lakini wa gredi ya pili. Watoto wa umri ule huzungumza wote kwa pamoja, na kwa mtu mwenye mashine ya sikio hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote shuleni. Alinieleza haya mwenyewe nilipokwenda kumuuliza. Gredi ya sita yake ilikuwa imeingia sekondari ya chini, na hakuwa pamoja nao walipomaliza. Hilo hakuna halmashauri iwezayo kumrudishia.

Jicho langu nimetibiwa, naona vizuri. Hata hivyo vipuri vidogo sifanyi tena. Anayeniletea namwelekeza Kilifi, na akiniuliza sababu namwambia. Wengine huondoka wakidhani natania.

Mashine ile huhitaji kusafishwa kila baada ya miezi michache kwa ajili ya jasho. Ni kazi ya spiriti na mswaki, hata mtoto anaweza. Mwalimu hutoka nayo Ganda, hushuka mjini, hupita mbele ya duka langu kwenda kupanda gari la Kilifi, mwendo wa saa nzima na zaidi. Akiniona barazani huniamkia, nami humwitikia kwa sauti ya kawaida, na husikia. Kisha huenda zake. Sijawahi kumwita aingie.